Betri Tatu kwenye Chaja Moja: Kisa cha Mlipuko Ufuoni Seme

Betri iliyolipuka ilikuwa ya gari, Ah 70 (saa-ampia, kipimo cha ukubwa wa betri), ya ile aina isiyo na vifuniko vya kufungua juu. Tangu asubuhi ilikuwa imeunganishwa na nyingine mbili za maji, zile zinazofunguliwa na kuongezwa maji, kwenye chaja moja ya transfoma, ndani ya kibanda cha mabati kwenye ufuo mmoja wa Seme kando ya Ziwa Victoria, ukishapita Kisian kuelekea Bondo. Mwendo wa saa kumi alasiri kijana anayesimamia kibanda alirudi kutoka kula, akapokewa mlangoni na harufu ya mayai viza. Alipapasa betri ya katikati akaona inaunguza. Akashika klipu ya chanya, akaing'oa, chaja ikiwa bado inafanya kazi. Cheche iliruka, na sehemu yote ya juu ya betri ikafumuka. Asidi ilimpata usoni, shingoni na kwenye shati.

Macho yake yalipona, na aliyeyaponya ni mama anayekaanga samaki kibanda cha pili. Alimvuta nje, akamkalisha chini kichwa kimeinama upande, akawa anamimina maji safi ya jerikeni machoni bila kukoma. Wapo walioleta maziwa, akawafukuza. Ilipoisha jerikeni ya kwanza aliitisha ya pili, na pikipiki ya kumpeleka hospitali ikangojeshwa hadi maji yafanye kazi yake. Maji safi, mengi, kwa dakika 20 hivi, kope zikiwa zimeachanishwa kwa vidole, halafu hospitali: hakuna huduma ya kwanza inayoshinda hiyo kwa asidi ya betri. Shati nalo lilivuliwa mara moja. Asidi iliyobaki kwenye kitambaa huendelea kula ngozi polepole.

Mwenye kibanda aliniita siku chache baadaye. Kufikia hapo wavuvi walikuwa wameshatoa hukumu yao: chaja ya zamani imezeeka, inunuliwe ya otomatiki. Lakini nilipoinama chini ya meza niliikuta ya otomatiki, imejaa vumbi.

“Hiyo ni mbovu, fundi,” mwenye kibanda akasema. “Niliinunua mjini Kisumu. Unaiwekea betri, inachaji kidogo, halafu inawasha taa nyekundu na kujizima. Hii ya zamani haikatai kitu.”

Nikamgeukia kijana, bado ana bandeji shingoni. Alikuwa akiwekea betri gani wakati chaja inajizima?

Akafikiri kidogo. “Ni ile tu, fundi. Ile iliyopasuka.”

Maana yake ni kwamba kibanda kilikuwa na kifaa kilichoutambua ugonjwa wa betri ile mapema na kuusema kwa lugha yake ya taa nyekundu. Kifaa hicho kikaitwa kibovu, kikasukumwa chini ya meza, na betri ikapelekwa kwa chaja isiyokataa kitu. Nimekutana na uamuzi wa namna hii kwenye mabanda mengi kuanzia Luanda hadi Usenge, na ndio unaonifanya niandike kisa hiki kwa urefu.

Asiyeijua kazi ya ufuo atashangaa betri tatu za gari zinafanya nini mahali pasipo na gari. Omena, wale dagaa wa ziwa, huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza la mwezi, kwa kuwavuta kwa mwanga. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi mashua nyingi zinatumia taa za LED na betri. Mashua zinarudi asubuhi, betri zinabebwa hadi kibandani zikiwa zimenyonywa, na kufikia jioni mwenyewe anaitaka imejaa. Muda wa kuchaji ni saa nane, pengine tisa. Betri ya Ah 70 iliyoisha kabisa, ukiichaji kwa kiwango cha kawaida cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampia 7, inahitaji saa kumi na zaidi, kwa sababu mwishoni inapokea polepole. Presha ya muda ndiyo inayomfanya kijana aunganishe tatu kwa pamoja na kuiachia chaja ya ampia 20 isukume.

Kwa wiki kadhaa wavuvi wenye zile betri mbili za maji walikuwa wakilalamika kwamba taa zinafifia saa tisa za usiku. Kila mmoja aliamini betri yake imechoka. Nilizipima baada ya kulala usiku mmoja bila kuguswa. Moja ilionyesha volti 12.3, nyingine 12.4, na haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya betri, ikasoma 1.205 hadi 1.215 kwenye seli zote za kila moja. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hadi 12.8, na maji yake husoma karibu 1.265. Seli zilikuwa zinalingana, na hiyo ni dalili njema. Hazikuwa zimechoka. Zilikuwa zinarudishwa majini zikiwa na zaidi kidogo tu ya nusu, kila siku, na mwenye kibanda akipokea pesa ya betri iliyojaa bila kujua.

Ile iliyolipuka haikuweza kupimwa, lakini ilikuwa wazi juu kama sufuria, kila seli ikionekana. Seli ya tatu kutoka upande wa hasi ilikuwa na tope la risasi, ile metali ya bamba zenyewe, lililojaa hadi kugusa ncha za chini za bamba zake. Bamba la chanya na la hasi zikiunganishwa na tope hilo, seli imekufa: haishiki volti. Katika zile tano nyingine maji yalikuwa yameshuka chini ya ncha za juu za bamba kwa upana wa vidole viwili, na sehemu ya juu ya bamba ilikuwa imekauka. Betri ya gari isiyofunguka nayo ina maji ndani. Wengi huiita kavu, na kwa sababu hiyo huichaji bila kuwaza maji, ilhali ndiyo isiyoweza kuongezwa hata tone yakiisha.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mlipuko ulipotengenezwa.

Betri ya volti 12 ina seli sita. Seli inapochajiwa hupanda polepole hadi kama volti 2.4, na hapo huanza kutoa gesi kwa wingi, kwa sababu salfeti ya risasi kwenye bamba inakaribia kuisha na stima inayozidi haina kazi nyingine ila kuvunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Betri tatu zikifungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti yao ni moja, hazina hiari. Tuseme ilikuwa 13.2. Katika betri nzima, 13.2 gawa kwa 6 ni volti 2.2 kwa seli: inachajika kwa uvivu. Katika betri yenye seli moja iliyokufa, 13.2 gawa kwa 5 ni volti 2.64 kwa seli. Hiyo ni kuchemsha. Seli tano zilikuwa zikichemka tangu saa mbili asubuhi huku betri mbili za jirani zikingoja chakula ambacho hakiwafikii, kwa sababu ile mbovu ilikuwa inaivuta volti ya wote chini na kumeza ampia nyingi kuliko zote mbili kwa pamoja.

Stima ilipotea kama saa saba mchana, kijana aliniambia, ikarudi baada ya muda. Mtu angedhani hapo betri zilipata nafuu. Hazikupata. Chaja ikilala, betri mbili nzima zenye volti 12.5 zinaendelea kuisukumia ile mbovu: 12.5 gawa kwa 5 ni volti 2.5, bado juu ya kiwango cha gesi. Zile ampia chache ambazo betri hizo mbili zilikuwa zimepata asubuhi zilimiminwa humo. Ndiyo siri ya taa kufifia saa tisa.

Harufu ya mayai viza hutokea betri inapochajiwa kupita kiasi na kupata joto, na chanzo chake ni salfidi ya haidrojeni, gesi yenye sumu. Ukiinusa karibu na betri, kazi ya betri hiyo imekwisha. Haidrojeni yenyewe haina harufu. Inashika moto ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na cheche ndogo sana inatosha. Watu wengi husikia hivyo wakawaza kibanda kizima kujaa gesi, kwa hiyo wanafungua mlango na kujiona salama. Kufungua mlango ni lazima, tena haidrojeni hupanda, kwa hiyo nafasi ya kutokea iwe juu chini ya mabati. Lakini kibanda hiki hakikulipuka, iliyolipuka ni betri. Ndani ya betri inayochemka, ile nafasi kati ya maji na kifuniko imejaa haidrojeni na oksijeni katika uwiano ambao ni baruti tayari, hata kama dirisha liko wazi na upepo wa ziwa unapita. Na maji yakiwa yameshuka vidole viwili, nafasi hiyo ni kubwa zaidi, na kishindo ni kikubwa zaidi.

Kila mtu aliniambia kosa la kijana ni kutozima chaja kabla ya kuvuta klipu. Kweli, kuzima kwanza ni sheria, na haina mjadala. Hata hivyo kwa kisa hiki isingetosha. Angezima, kisha angevuta klipu ileile, na cheche ingeruka vilevile, kwa sababu betri mbili nzima zilikuwa bado zinaisukumia ile mbovu ampia kupitia waya huohuo. Alichopaswa kufanya ni kuzima stima, kutoka nje, kuacha hewa ipite kwa muda, kisha kukata muungano kule mbali, kwenye vichwa vya chaja ambako waya zote zilikutana, bila kugusa kichwa cha betri inayochemka. Hakuna aliyemfundisha. Simlaumu, na niliwaambia hivyo wavuvi waliokuwa wamesimama pale.

Chaja ya transfoma nayo niliipima, kwa haki yake. Imetengenezwa na mafundi wa jua kali: transfoma, diodi nne, mita ya ampia, swichi ya ngazi tatu. Haina hitilafu. Bila betri inatoa zaidi ya volti 17. Shida yake ni kwamba haijui kuacha, na inategemea stima ya nje ambayo vijijini hupanda na kushuka. Nilimwelezea mwenye kibanda hivi: chukua chaja inayosukuma kwa volti 15 dhidi ya betri yenye 14. Tofauti ni 1, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ampia. Stima ikipanda kutoka 240 hadi 252, ambayo ni asilimia 5 tu, chaja inafika 15.75. Tofauti sasa ni 1.75. Ampia zimeongezeka kwa robo tatu, na hakuna aliyegusa swichi. Chaja ya aina hii inafaa betri ya maji, moja, mchana, mtu akiwa ameketi karibu na mita, na anaikata volti ikifika 14.4 au seli zikianza kutoa mapovu kwa usawa. Mtu huyo akienda kula, chaja izimwe.

Ya otomatiki inafanya kazi ya mtu huyo. Mwanzo inasukuma ampia zake zote. Volti ikifika 14.4 hivi inaishikilia hapo na ampia zinapungua zenyewe. Mwishoni inashuka hadi 13.5 au 13.8 na kuitunza betri. Zenye kitufe cha kuchagua aina ya betri zinahitaji kuchaguliwa kweli: betri ya jeli, ambayo asidi yake ni nzito kama uji na imefungwa kwa vali, haitaki kuvuka 14.1 hadi 14.4, ilhali ya maji inavumilia 14.8. Ukiiweka ya jeli kwenye kiwango cha maji, vali yake inapumua gesi na unyevu uliotoka haurudi. Joto pia linaingia humo. Viwango hivi vimewekwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu yake inataka volti ipunguzwe kama 0.03. Chini ya mabati ya Seme saa nane mchana nyuzi 35 si ajabu, kwa hiyo 14.4 inapaswa kuwa 14.1. Chaja za bei ya chini hazipimi joto. Dawa ni kivuli na hewa.

Lakini hata ya otomatiki ingedanganyika kwa betri tatu zilizofungwa pamoja. Ingeona volti imekwama 13.2, ikadhani kazi haijaisha, ikaendelea kusukuma. Uwezo wake wa kugundua ubovu unategemea kupewa betri moja. Ndiyo maana ilipopewa ile peke yake ilijizima: ilisukuma, ikangoja volti ipande, haikupanda, ikawasha nyekundu. Taa hiyo si hukumu ya mwisho siku zote. Betri iliyonyonywa hadi chini kabisa bila kuwa na seli iliyokufa inaweza kukataliwa pia, nayo inafufuka kwa ampia chache za taratibu chini ya uangalizi. Kinachotenganisha hizo mbili ni mita: chaji taratibu, ondoa, iache ilale. Ikirudi 10.5 au karibu na hapo, seli moja imeondoka.

Juu ya paa palikuwa pia na paneli ya sola ya wati 100 ambayo waya wake uliingia ndani bila kontrola, yaani kifaa cha kudhibiti chaji ya paneli, ikitumiwa siku stima ikipotea. Paneli ya namna hiyo bila mzigo ina volti 21 au 22. Kwa betri kubwa ampia zake tano ni za upole, na hatari inakuja pole pole jua likiwaka siku nzima. Betri ndogo ya Ah 7 ya taa au pikipiki itakaangwa nayo kabla ya adhuhuri. Niliwawekea kontrola, nikawaonyesha utaratibu: betri iunganishwe kwanza ili kontrola ijue ni ya volti 12, paneli ifuate, wakati wa kuondoa, paneli itoke kwanza.

Tulipofika kwenye gharama, mwenye kibanda alikunja uso. “Chaja moja kwa kila betri, fundi? Hii biashara ni ya shilingi hamsini hamsini.”

Sikuwa na jibu tamu. Nilimwambia aanze na ile ya chini ya meza, iwe yake ya kuamulia, kila betri ngeni ipite kwake peke yake kabla ya kupokewa. Ya transfoma ibaki kwa betri za maji, moja kwa wakati. Anunue ya pili ya otomatiki msimu ukichangamka. Swichi ya ukutani tuliihamisha kutoka nyuma ya betri, ambako kijana alikuwa akiinama juu yake ili aifikie, hadi kando ya mlango. Mabati ya juu tuliyainua kwa mbao ili pawe na mwanya. Betri zikawekwa kwenye rafu ya mbao nje ya jua, mashine ya kunyolea iliyokuwa ikitumika pembeni ikahamishiwa kibanda kingine, na miwani ya fundi wa kuchomelea ikatundikwa msumarini pamoja na jerikeni ya maji ambayo hairuhusiwi kuazimwa. Sakafu tulinyunyizia magadi hadi mapovu yakakoma, ndipo tukaosha.

Mabaki ya betri yalizua mjadala. Kulikuwa na mtu tayari wa kuyanunua ayeyushe risasi mwenyewe kwa ajili ya vyuma vya nyavu. Nilikataa kwa sauti, na ningekataa tena. Wakenya tunajua Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwapa watoto sumu ya risasi, Phyllis Omido akapigania wakazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Moshi wa sufuria moja ufuoni, watoto wakiwa wanaanika omena hatua kumi kutoka hapo, ni sumu ileile. Mabaki yalikwenda kwa mnunuzi wa betri kuukuu mjini, ndani ya beseni la plastiki, yakiwa wima.

Betri mbili za maji nilizichaji moja moja kwenye ya otomatiki. Moja ilipanda hadi 1.260 na taa zake sasa zinafika alfajiri. Nyingine imekwama 1.235 kwa sababu ya majuma yote yale ya kukaa nusu, salfeti imeganda, na mwenyewe ameshauriwa aitumie nyumbani. Mwenye betri iliyolipuka anadai alipwe. Katika mazungumzo akakiri mbele ya jaduong', yaani mzee, wa ufuo kwamba alijua gari lilikuwa limeshindwa kuwaka nayo miezi kadhaa nyuma, na kwamba aliipata kwa bei ya kutupa. Kwa maoni yangu hana dai, na gharama ya hospitali ya kijana ni ya mwenye kibanda pamoja na huyo mwenye betri. Jaduong' amewapa hadi giza la mwezi lijalo wapatane.